Mama ana kanula mkononi, na jirani amejitolea kumchoma sindano nyumbani

BARUA

Ndugu Mfamasia,

Salamu. Mimi ni mkazi wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, na ninaishi na mama yangu mwenye umri wa miaka 61, ambaye ana kisukari kwa muda mrefu. Wiki hii alilazwa hospitalini kwa homa kali, kutetemeka, na maumivu ya ubavuni yaliyoshuka hadi kiunoni. Walimpima mkojo, wakachukua na mwingine wa kuotesha vijidudu maabara, kisha wakatuambia kwamba maambukizi yamepanda hadi kwenye figo. Akaanzishiwa antibiotiki iitwayo seftriaksoni, gramu 1 kwa siku, kupitia kwenye mshipa. Baada ya sindano mbili homa ilishuka na akaanza kula, daktari akaturuhusu kurudi nyumbani na vichupa vitatu, akiwa bado na kanula mkononi, yaani ule mrija mwembamba unaoachwa kwenye mshipa, kwa maelekezo kwamba kila siku saa nne asubuhi tumpeleke kituo cha afya akachomwe na wauguzi.

Kituo hicho kiko mbali, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inatuelemea. Jirani yetu, ambaye anauza katika duka la dawa na zamani aliwahi kuwa mhudumu wa zahanati, amejitolea kuja kumchoma nyumbani bila malipo. Anasema ataichanganya dawa na ganzi ili mama asisikie maumivu, na kwamba kwa kuwa dawa hiyo ni kali mno kwa mtu wa umri wake, ni bora kila kichupa kigawanywe, nusu asubuhi na nusu jioni. Amesema pia atamtundikia dripu ya RL (Ringer's lactate) ili apate nguvu. Nilimkumbusha kwamba miaka ya nyuma mama alichomwa PPF, ile sindano ya penisilini, akatokwa na vipele vilivyowasha sana, naye akanijibu kwamba hii si penisilini, nisiwe na hofu.

Mama mwenyewe anasema amekwisha kupona. Anataka vichupa vilivyobaki vitunzwe, na kimoja achomwe mwanangu mchanga, ambaye ana wiki tatu na ameanza kukohoa. Macho yake pia yana umanjano kidogo ambao haujaisha tangu azaliwe. Jirani ni mtu mwema, na mama anamsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Naomba ushauri wako.

Mtoto wa Mwisho, Kilosa

JIBU

Ndugu Mtoto wa Mwisho,

Kwa kuwa sindano ya kesho haiwezi kusubiri safu hii, nilikupigia simu siku ileile barua yako iliponifikia. Haya ni maelezo kamili, ninayoyatoa kwa ridhaa yako, kwa sababu familia nyingi hurudishwa nyumbani zikiwa na vichupa kwenye mfuko na kanula mkononi mwa mgonjwa, bila kuelezwa kwa nini safari ya kituoni haiwezi kufupishwa.

Naanza na ulilolitaja mwisho, kwa kuwa ndilo la haraka kuliko yote. Mtoto wa wiki tatu mwenye kikohozi, na ambaye macho yake bado ni ya manjano, anapaswa kupelekwa hospitali leo. Manjano ya kawaida kwa mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake huwa yameisha ndani ya wiki mbili. Yakivuka hapo ni lazima chanzo chake kitafutwe kwa vipimo. Kikohozi katika umri huo nacho hakisubiriwi, hasa kikiambatana na homa, mwili kuwa wa baridi, kupumua haraka, au kunyonya kwa shida, kwa sababu hali ya mtoto mchanga inaweza kugeuka ndani ya saa chache.

Kichupa cha bibi yake asichomwe kabisa. Seftriaksoni husafiri kwenye damu ikiwa imeshikamana na protini iitwayo albumini, na bilirubini, ambayo ndiyo inayoyapa macho yake rangi hiyo ya manjano, husafiri kwa protini hiyohiyo. Dawa ikiingia huibandua bilirubini ikabaki huru, na bilirubini iliyo huru inaweza kupenya hadi kwenye ubongo wa mtoto mchanga na kuuharibu. Aidha, dawa hii ikikutana na kalsiamu hutengeneza chembe zisizoyeyuka, na chembe hizo zimewahi kukutwa kwenye mapafu na figo za watoto wachanga waliofariki baada ya kupewa vyote viwili. Kisha kuna suala la kipimo: mtoto mchanga hupimiwa dawa kwa uzito, na kwa mtoto wa kilo tatu na nusu, gramu 1 ni mara kadhaa ya kiwango cha juu ambacho angeweza kupewa hata kama hakuwa na manjano. Madaktari wa watoto wana dawa nyingine wanazoziamini kwa umri huo, na watachagua baada ya kumwona.

Sasa nije kwa mama. Katika yote aliyoyasema jirani, lililonishtua zaidi ni ganzi.

Kichupa cha seftriaksoni kina unga, na unga huo unaweza kutayarishwa kwa njia mbili zisizobadilishana. Ikiwa dawa itaingia kwenye mshipa, gramu 1 huyeyushwa kwa mililita 10 za maji ya sindano, kisha husukumwa polepole kwa dakika 2 hadi 4, au huongezwa kwenye chupa ya dripu inayofaa na kuachwa ipite kwa muda usiopungua nusu saa. Ikiwa itachomwa kwenye msuli, gramu 1 huyeyushwa kwa takribani mililita 3.5 za lignokaini ya asilimia 1, yaani ganzi, kwa kuwa sindano hiyo kwenye msuli inauma sana. Mchanganyiko wa ganzi haupaswi kuingia kwenye mshipa kwa hali yoyote. Lignokaini ikiingia ghafla kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege, na ndiyo maana maelezo ya watengenezaji wa dawa hii yanarudia onyo hilo kwa msisitizo.

Hebu tazama hali ilivyo nyumbani kwenu. Daktari aliandika sindano ya mshipa, na mama ana kanula iliyokwisha kufungwa vizuri kwa plasta. Jirani anakuja na bomba lenye dawa na ganzi ndani yake, akikusudia kumchoma takoni. Mama anasema hataki kuchomwa tena, atumie hapohapo mkononi, kwani si pameshatobolewa? Mchanganyiko wa ganzi na ule wa maji huonekana sawa, vyote ni kimiminika cha rangi ya njano iliyofifia, na bomba halina maandishi. Mtu mwema kabisa anaweza kumuua mgonjwa katika dakika hiyo moja, na hakuna wema utakaoirudisha dawa kwenye bomba. Mimi nisingekubali kichupa cha ganzi kiingie kwenye nyumba yenye mgonjwa mwenye kanula.

Hata kama kanula ingekwisha kutolewa, msuli wa takoni una mahali pake pa kuchoma. Sindano huingia robo ya juu ya upande wa nje, na ikishuka au ikisogea katikati inaweza kuugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoelekea mguuni, ambao ukiumia huacha ganzi na mguu unaoburuzika. Kwa mwenye kisukari kuna hatari ya ziada ya jipu pale palipochomwa.

Kuhusu kugawa kichupa asubuhi na jioni, msingi wake si sahihi. Katika mwili wa mtu mzima mwenye afya, nusu ya seftriaksoni hutoka katika muda wa takribani saa 8, ambao ni mrefu kwa dawa ya jamii yake, na ndiyo sababu dozi moja kwa siku inatosha kwa maambukizi kama ya mama. Ukigawa kichupa utalazimika kumfungulia kanula mara mbili kwa siku, na kila kuifungua ni nafasi mpya ya vijidudu kuingia kwenye damu. Pia nusu itakayosubiri jioni itakuwa imekaa ikiwa imeyeyushwa, kwenye joto la Kilosa, ndani ya kichupa kilichokwisha kutobolewa. Dawa hii huchanganywa na kutumika palepale, na kinachobaki humwagwa.

Nalo hili la ukali linahitaji kusemwa vizuri, kwa sababu nalisikia kila siku dirishani. Seftriaksoni, ambayo wengi mtaani huiita Powercef kwa jina la mojawapo ya chapa zake, hutolewa kwa sindano kwa sababu utumbo hauwezi kuifyonza vya kutosha ikinywewa, wala sindano yenyewe si cheti cha ukali. Zipo dawa za vidonge zinazotibu maambukizi ya figo vizuri kabisa, ilimradi kijidudu chenyewe kinazisikia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liligawa antibiotiki katika makundi matatu, na seftriaksoni ikawekwa katika kundi la zile zinazohitaji uangalizi, kwa kuwa usugu dhidi yake huenea kwa urahisi. Watu wanaochomwa sindano tano kwa kila kipimo cha mkojo chenye alama moja, au kwa mafua, wanaifundisha bakteria kutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja, na hatua inayofuata mara nyingi ni dawa kama meropenemu, ambayo bei yake familia nyingi haziwezi kuimudu. Mama yako hayumo katika kundi hilo. Yeye alikuwa na sababu ya kweli ya kuchomwa, na mkojo wake uliotoshwa kama inavyotakiwa.

Dripu ya RL nayo iachwe. Ina kalsiamu, ile niliyoieleza kwa mtoto, na haiwezi kuchanganywa na seftriaksoni wala kupita nayo kwa pamoja kwenye mpira mmoja. Hospitalini, mtu mzima anapohitaji vyote viwili, mpira husafishwa kwanza kabla ya kuingiza cha pili, na anayefanya hivyo anajua anachokifanya. Zaidi ya hapo, mgonjwa anayekula na kunywa hapati nguvu yoyote ya maana kutoka kwenye RL, ambayo kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi. Nguvu ya mama itatoka kwenye uji wake, maji ya kutosha, na sukari iliyodhibitiwa. Na kama anajipima sukari, soma karatasi ya mashine yake: seftriaksoni inaweza kuzifanya baadhi ya mashine zionyeshe kiwango cha chini kuliko kilivyo kwenye damu.

Kuhusu PPF, jirani amesema kweli kwamba hii si penisilini, lakini dawa hizi mbili ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, na mwili uliowahi kumkataa mmoja unaweza, mara chache, kumkataa mwingine. Zamani ilisemwa kwamba mtu mmoja kati ya kumi mwenye mzio wa penisilini angedhurika na dawa za jamii hii. Baadaye imebainika kwamba kwa seftriaksoni hatari ni ndogo zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu ya molekuli yake inayochochea mzio haifanani na ya penisilini. Sindano mbili alizopata bila tatizo zinatia moyo. Hata hivyo, ninachotaka umuulize mama ni hiki: vipele vile vilitokea baada ya muda gani, na je, midomo ilivimba, kifua kilibana, au alizimia? Majibu yake mpeleke nayo kwa daktari na uhakikishe yameandikwa kwenye faili, kwa kuwa inawezekana hakuna aliyemuuliza alipolazwa akiwa anatetemeka kwa homa.

Hapo ndipo ilipo sababu kubwa ya kwenda kituoni. Mzio mkali unaweza kutokea hata kwenye sindano ya tatu au ya nne: shinikizo la damu linashuka, koo linavimba, pumzi inakata, na yote hayo ndani ya dakika chache. Dawa ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja mara moja, na inapaswa kuwa karibu na mkono wa anayechoma antibiotiki. Muulize muuguzi bila woga: adrenalini ipo? Baada ya sindano mama akae hapo kituoni kwa nusu saa kabla ya kupanda bodaboda. Duka la dawa limepewa kibali cha kuuza na kutoa dawa, halikupewa kibali cha kuchoma sindano, na sebule yako haina hata kile kidogo kilichopo dukani.

Sasa nauli, ambayo ndiyo iliyoleta yote haya, na ambayo siidharau. Liko jambo la halali la kuomba. Majibu ya kuotesha mkojo kwa kawaida hutoka baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo huenda yapo tayari. Mpigie daktari aliyemruhusu, au mwombe mganga wa kituo cha afya ampigie, na uulize maneno haya: majibu ya kuotesha yanasema nini, na je, kwa kuwa homa imeshuka na mama anakula, anaweza kuhamishiwa kwenye vidonge ili kumalizia siku zilizobaki? Kubadilisha sindano kuwa vidonge mgonjwa anapopata nafuu ni utaratibu wa kawaida wa tiba, na wagonjwa wengi wa maambukizi ya figo humaliza hivyo. Akikubali, kanula itatolewa na bodaboda itakoma. Akikataa, huenda kwa sababu kijidudu hicho hakisikii kidonge chochote kinachofaa, basi utakuwa unajua kwamba nauli hiyo inalipia kitu cha lazima.

Kitu ambacho hakikubaliki ni kuacha kwa sababu amejisikia vizuri. Homa hushuka mapema kuliko vijidudu vinavyoisha kwenye figo, na kwa mwenye kisukari maambukizi ya figo yaliyotibiwa nusu yanaweza kurudi yakiwa usaha. Mkikosa siku moja kwa bahati mbaya, msichome mara mbili kesho yake. Pigeni simu mwelekezwe.

Wakati mnasubiri jibu la daktari, vichupa viwekwe ndani ya boksi lake, mbali na jua na mbali na jiko. Kabla ya kila sindano angalia pamoja na muuguzi jina la dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama unga umekauka. Dawa ikishayeyushwa iwe angavu, isiwe na ukungu wala chembe. Bomba na sindano vifunguliwe kwenye pakiti mbele yenu na vitupwe kwenye kisanduku maalumu mara baada ya kutumika, kwani homa ya ini na virusi vya UKIMWI huenea kwa vifaa vilivyorudiwa. Kanula isiloweshwe mama anapooga. Pakiwa pekundu, pamevimba, pana joto, panauma au panavuja, itolewe siku hiyohiyo, na baada ya dozi ya mwisho isiachwe mkononi kwa ajili ya tahadhari, kama baadhi ya wagonjwa wanavyoomba.

Mrudishe hospitali bila kusubiri miadi akipata upele, uvimbe wa uso au shida ya kupumua. Akiharisha maji mara nyingi au damu, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dawa, wala usimpe dawa ya kufunga tumbo kwa uamuzi wako. Akipauka ghafla, akachoka kupita kiasi na mkojo ukawa wa rangi ya chai, kwa kuwa mara chache dawa hii husababisha chembe nyekundu za damu kuvunjika. Au akianza kuchanganyikiwa. Maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia pia yasemwe, kwani dawa hii inaweza kuacha mashapo kwenye kifuko cha nyongo, ambayo mara nyingi huisha yenyewe ikisimamishwa. Madhara ya namna hiyo huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kituo chenu kinaweza kukusaidia kufanya hivyo.

Kwa jirani, usimvunjie heshima mbele ya mama. Mweleze kwamba mama ana kumbukumbu ya mzio, na kwamba umeambiwa sindano hizi zichomwe palipo na adrenalini. Mtu aliyefanya kazi zahanati atalielewa neno hilo mara moja. Kisha mwombe awasindikize siku moja kituoni, kwa kuwa mama anamsikiliza. Na kichupa chochote kitakachobaki baada ya daktari kubadilisha dawa kirudishwe kwenye famasi ya hospitali kikiwa kimefungwa, kisiwekwe kabatini kwa ajili ya kikohozi cha mtu mwingine.